Hema Katika Nchi ya Ruwenzori



Kila mwaka, likizo kubwa ikikaribia, vijana wetu wa Skauti, wa Kiro na wa Xaveri huanza kuzungumza habari za kambi. Hutafuta kamba, sufuria na turubai, kisha humwendea padri kuomba ruhusa ya kulala porini siku tatu au nne. Zamani ruhusa hiyo haikuwa na shida. Siku hizi, katika Beni na Butembo, mzazi akisikia neno "hema" moyo wake washtuka. Tangu mwaka 2014 amewaona watu wengi mno wakilala chini ya turubai pasipo kupenda. Ndiyo sababu vijana hutuuliza: "Je, hema ni kitu cha furaha au ni kitu cha msiba? Na mbona wageni hutoka Ulaya na kulipa fedha nyingi ili walale hemani katika parki yetu, na sisi wenyeji hatukanyagi humo?"

Swali hilo ni la haki. Hatuwezi kulijibu kwa neno moja, maana historia ya hema katika nchi yetu ni ndefu, nayo ina mazuri na mabaya. Basi tuisimulie tangu mwanzo, halafu kila mmoja apime mwenyewe.

Waliopiga kambi wa kwanza

Watu wengine hudhani kwamba Wazungu ndio waliotufundisha kupiga kambi. Sivyo. Pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba ardhi mwaka 1950. Alikuta vyusa vya mifupa, mifupa ya samaki na ya wanyama, na mfupa mmoja mdogo uliochorwa alama nyingi katika safu tatu, mithili ya mtu aliyekuwa akihesabu. Mfupa huo wahifadhiwa Bruxelles hata leo, na wataalamu wakadiria umri wake kuwa kama miaka 20,000. Baadaye wataalamu wengine walichimba Katanda, penye mto ule ule, wakakuta vyusa vya zamani zaidi, vya miaka kama 90,000. Pamoja navyo palikuwa na mifupa ya kambare wakubwa. Wataalamu hao wasema kwamba yaelekea watu wale walifika mtoni kwa majira, wakati kambare wanapokuja maji machache kutaga mayai. Yaani walikuja, wakakaa, wakavua, wakaondoka. Hiyo ni kambi, ndugu zangu, nayo ilikuwapo kabla hapajawa na Ulaya tunayoijua.

Tuseme pia habari za Wambuti, majirani zetu wa msituni upande wa Oicha na Ituri. Mbuti ahamia penye nyama au asali, na mkewe hujenga kibanda kwa fito zilizopindwa na majani mapana ya mangongo, kwa muda wa saa chache tu. Mvua kubwa ya msituni yanyesha, na ndani pakavu. Wakihama, baada ya miezi michache msitu umefunika kila kitu. Hakuna mtu aliyewazidi kwa ufundi wa kulala msituni pasipo kuuharibu.

Hema la mkubwa na mvua ya mpagazi

Hema la kitambaa, lenye nguzo, kamba na mambo, liliingia kwetu pamoja na misafara. Mwaka 1889 Stanley alipita bonde la Semliki akimpeleka Emin Pasha pwani. Siku zile alimtuma afisa wake Stairs apande Ruwenzori. Walifika kiasi cha mita 3,200, wakarudi. Mabonde marefu yaliwazuia, wala hawakuwa na chakula wala nguo za kutosha kwa baridi ile. Mwaka 1891 Mjerumani Stuhlmann alipanda upande wetu, kwa bonde la mto Butahu, akafika juu kiasi cha mita 4,000. Mwaka 1906 Mwitalia, Duke wa Abruzzi, alipanda upande wa Uganda, akafika kilele cha Margherita chenye mita 5,109.

Majina hayo yameandikwa vitabuni. Lakini hema halikupanda mlima lenyewe. Lilibebwa kichwani. Msafara wa Stanley ulikuwa na watu wapata 700, wengi wao wakiwa wameandikwa kazi Unguja. Zaidi ya nusu yao hawakurudi kwao. Wao, pamoja na wafanya biashara waliotoka Manyema, ni baadhi ya watu waliotuletea Kiswahili hiki tunachokiandika. Katika misafara hiyo hema lilikuwa la wakubwa. Mpagazi alijikatia matawi na majani, akajikunyata karibu na moto. Na juu mlimani, Wakonzo waliobeba mizigo ya Duke walilala chini ya miamba, kama ule wa Bujongolo uliokuwa kambi kuu, kwenye matope na baridi kali. Wakonzo na Wanande ni ndugu wa lugha moja. Mlima huo kwao ulikuwa na heshima kubwa, makao ya Kitasamba penye theluji. Walipanda mahali walipopaogopa, kwa ajili ya mtu mwingine aliyetaka kupaona.

Hatusemi hayo ili tuwatukane wasafiri wale. Walikuwa watu hodari, na ramani zao zatusaidia hata leo. Twasema ili tujue kwamba tangu siku ya kwanza hema lilikuwa na pande mbili: yule aliyelala ndani, na yule aliyelibeba akalala nje.

Hema la padri

Dini pia ilikuja kwa hema. Mapadri wa Moyo Mtakatifu, wa misioni ya Stanley Falls, walianza kazi Beni mwaka 1906. Mwaka 1929 wakaja Mapadri Waasumpsionisti, na misioni yao ya Muhangi ikawa kama mama wa misioni nyingine nyingi za Wanande. Mwaka 1934 Beni ikatengwa na Stanley Falls. Mwaka 1938 ikawa Vikarieti, chini ya Askofu Henri Piérard. Mwaka 1959 ikawa jimbo. Na mwaka 1967 jimbo likaitwa Butembo-Beni, jina lake mpaka leo.

Katika miaka ile ya kwanza hapakuwa na kanisa la matofali kila kilima. Padri alifunga safari kwa miguu, na nyuma yake mzigo wa hema na sanduku la altare. Jioni alisikiliza maungamo, asubuhi alisoma Misa, kisha mambo yaling'olewa na safari ikaendelea. Wakristo walimpokea kwa mbuzi na ndizi. Hema lile halikunyang'anya mtu shamba lake. Lilipigwa mahali mwenyeji alipoonyesha, likaondoka, likaacha katekista na sala.

Na hema si geni katika Maandiko Matakatifu. Ibrahimu alikaa mlangoni pa hema lake alipowaona wageni watatu, akawakimbilia kuwakaribisha. Mtume Paulo alikula jasho la mikono yake kwa kushona mahema kule Korinto. Hata Mwinjili Yohane, akisimulia jinsi Neno alivyokuja kukaa nasi, atumia neno la Kigiriki lenye maana ya kupiga hema. Mungu mwenyewe alikubali kuwa mgeni kati ya watu.

Parki yaja

Mwaka 1919 Mfalme Albert wa Ubelgiji alizuru Marekani, akaona parki za kule. Baadaye Mmarekani Carl Akeley, mtu aliyekuwa amewinda sokwe wakubwa wa milima ya volkeno kisha akawahurumia, aliomba wanyama hao wapewe mahali pa amani. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme akatia sahihi amri ya kuanzisha Parki ya Albert, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Mwaka uliofuata Akeley alirudi, akaugua, akafa kambini kwake Kabara, kati ya milima Mikeno na Karisimbi. Alizikwa pale pale.

Parki ilianza ndogo, penye volkeno. Lakini kwa amri za mwaka 1929 na za miaka 1934 na 1935 iliongezwa mpaka ikashika sehemu kubwa ya pwani ya Ziwa Edward, bonde la Semliki na upande wetu wa Ruwenzori. Jumla yapata kilomita za eneo 7,800. Hapo ndipo penye kidonda.

Bonde la Semliki halikuwa pori tupu. Lilikuwa na watu, wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale uliwaua wengi, na serikali ya Wabelgiji ikawahamisha waliobaki, ikawapandisha vilimani. Tukubali kwamba malale ilikuwa hatari ya kweli. Lakini watu walipoondolewa kwa sababu ya ugonjwa, nchi yao ikatiwa ndani ya parki, na ugonjwa ulipopungua hawakurudishiwa. Ziwani vilevile: upande wa Kongo vijiji vitatu tu, Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, ndivyo vilivyoruhusiwa kuvua. Wazee wetu walikatazwa kuni, nyama na samaki mahali walipozikwa babu zao. Na wakati huo huo waliona wataalamu wakiingia na mahema yao kuhesabu vyura na vipepeo.

Kazi ya wataalamu hao ilikuwa na faida; vitabu vyao vyasomwa dunia nzima. Lakini mwenye nchi hakuulizwa. Neno hilo halikusahauliwa, nalo laamsha ugomvi hata leo, kama vile Mayangose, karibu na mji wa Beni, mahali wakulima na parki wanapobishania mpaka.

Siku za wageni wengi

Kwa wageni wa kutazama wanyama palijengwa nyumba Rwindi, katika uwanda wa kusini mwa ziwa. Upande wetu njia ya mlima ilianza Mutsora, karibu na Mutwanga. Tangu msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1932, ulioongozwa na Xavier de Grunne, njia ya bonde la Butahu ilijulikana vema, na vibanda vya kulala vikajengwa: Kalonge, kiasi cha mita 2,100, Mahangu, kiasi cha 3,300, kisha Kiondo, juu ya 4,000, karibu na barafu. Aliyepanda alipita mashamba, akapita mianzi, akapita miti iliyovikwa ndevu za kuvu, mpaka akafika penye mimea mirefu ajabu isiyoonekana bondeni. Vijana wa Mutwanga walikuwa wapagazi na viongozi wa njia, na fedha ile ililipa karo za watoto wengi.

Wengine walishuka Ishango na hema, wakalala juu ya ukingo wa ziwa wakisikiliza viboko. Waliozoea mahali pale walijua sheria zake. Usipige hema juu ya njia ya kiboko. Usiku atoka majini kula majani, naye hapishi mtu. Chimba mfereji mdogo kuzunguka hema kabla ya mvua, si baada yake. Usikate mti mbichi kwa moto wa usiku mmoja. Zima moto kwa maji, na majivu uyafukie. Mambo hayo vijana wetu wa kambi wayajue kama wajuavyo katekisimu.

Mwaka 1960 ulipofika uhuru, Wabelgiji wengi waliondoka. Wengi walitabiri kwamba parki itakufa katika mwaka mmoja. Haikufa. Walinzi Wakongo walibaki kazini, wengine kwa miezi mingi bila mshahara, na baadhi yao waliuawa na majangili. Mwaka 1969 parki ikapewa jina la Virunga, na mwaka 1979 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Wajukuu wa watu waliofukuzwa ndio waliookoa kile walichofukuzwa kwa ajili yake. Jambo hilo lastahili kusimuliwa mashuleni.

Hema la machozi

Halafu vikaja vita. Mwaka 1994 parki iliandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Viboko, waliokuwa karibu 29,000 katika miaka ya 1970, walikuwa chini ya 1,000 mwaka 2005, kwa kuwa wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Wavuvi wakapata hasara pia, maana samadi ya kiboko hulisha maji, na maji hulisha samaki. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini.  Tarehe 24 Aprili 2020, parki ilipokuwa na umri wa miaka 95, watu 17 waliuawa karibu na Rumangabo katika shambulio moja, wengi wao walinzi. Mwezi Mei 2018 mlinzi mmoja mwanamke aliuawa akiwatetea wageni wawili, na parki ikafungwa kwa wageni mpaka Februari 2019. Mwezi Machi 2020 ikafungwa tena kwa sababu ya Kovidi.

Kwetu Beni, tangu Oktoba 2014, wauaji wamepita Mbau, Oicha, Eringeti, mpaka njia ya Mutwanga. Bonde lile lile walilopita wageni wakienda kuona theluji likawa njia ya wakimbizi. Mwaka 2018 ikaja Ebola, nayo ikaleta hema la namna nyingine: hema jeupe la wagonjwa, Mangina, Beni na Butembo. Watu zaidi ya 2,200 walikufa kabla ya ugonjwa kutangazwa umekwisha mwezi Juni 2020.

Kusini, Ziwa Kivu liliona aina mbili za hema. Katika kisiwa cha Tchegera parki ilijenga mahema mazuri ya wageni, yenye vitanda, wageni waone moto wa volkeno usiku. Na Bulengo, pwani ya ziwa lile lile, kati ya mwaka 2022 na mwanzo wa 2025, maelfu ya jamaa walikaa chini ya maturubai juu ya mawe meusi, wakingoja siku ya kurudi makwao. Kitambaa ni kitambaa. Tofauti ni kwamba mmoja alikuja kwa kupenda, mwingine kwa kukimbia.

Lakini tuseme na lililo jema. Katika Beni na Butembo wakimbizi wengi hawakulala hemani. Walipokewa na jamaa. Nyumba ya vyumba viwili ikachukua watu kumi na watano. Madarasa na makanisa yakafunguliwa usiku. Watu maskini walifanya kama Ibrahimu alivyofanya, wala hapakuwa na mtu wa kuwapiga picha.

Jibu letu kwa vijana

Basi, je, hema ni furaha au msiba? Historia yenyewe yatufundisha kuuliza maswali matatu.

Kwanza: mwenyeji ameulizwa? Hema la padri lilipigwa mahali lilipokaribishwa. Mipaka ya parki ilichorwa pasipo kuwauliza wenyewe. Twaona siku hizi dalili njema. Mutwanga, tangu mwaka 2013, maji ya Ruwenzori yazalisha umeme kwa kazi ya parki, na watu wamepata taa na kazi. Mwezi Oktoba 2024 sokwe wanne majike, yatima waliolelewa Kasugho, walipelekwa mlima Tshiabirimu, mahali jamaa ndogo ya sokwe ilikuwa karibu kwisha. Lakini umeme peke yake haumalizi neno la mipaka. Yapasa wakubwa wa parki na wazee wa vijiji wakae chini ya mti mmoja, wasemezane kwa ukweli.

Pili: aliyebeba mzigo amelala pakavu? Mpagazi, mpishi, kiongozi wa njia, mlinzi na mjane wa mlinzi, wapate ujira wao na heshima yao. Kambi ambayo mtumishi wake analoa mvua si kambi ya Kikristo.

Tatu: anayelala ndani ana nyumba ya kurudia? Hapo ndipo furaha na msiba vinapoachana. Kijana wa Skauti anang'oa hema lake siku ya nne akarudi kwa mama yake. Mkimbizi hana pa kurudi. Kwa hiyo kijana anayependa kambi amwombee, tena amsaidie yule asiyeipenda.

Tukiweza kujibu ndiyo mara tatu, hema ni zawadi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kitu kimoja. Sisi wa Butembo-Beni twajua maana yake kuliko wengi. Kwa sasa, ndugu vijana, msiende msituni pasipo usalama. Pigeni hema zenu katika uwanja wa parokia, mjifunze kamba na mambo, mjifunze majina ya miti kwa wazee wangali hai, muulize wale waliobeba mizigo Kalonge na Mahangu wawasimulie. Siku amani itakaporudi, viongozi wa njia watahitajika, nao wasitoke mbali. Theluji ya Ruwenzori yapungua mwaka hata mwaka, lakini ingali pale juu. Twamwomba Bikira Maria, Malkia wa Amani, awajalie siku ya kuiona kwa macho yenu, mkiwa wageni walioalikwa katika nchi yenu wenyewe.